Mwenye Tangi la Mafuta Ardhini na Wajibu Wake wa Kutoa Taarifa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Mada niliyopewa ni kavu, nami sitajaribu kuipaka rangi. Inahusu tangi la mafuta lililofukiwa ardhini, na taarifa ambazo mwenye tangi hilo huwajibika kuzipeleka kwa wenye mamlaka. Chama chenye ghala, malori na pampu uani kinahusika moja kwa moja. Chama kisicho na pampu leo huenda kikawa nayo kesho, au huenda kikanunua kiwanja ambacho chini yake mna tangi la mtu mwingine.

Nimechukua sheria ya Marekani kuwa mfano. Sikuichagua kwa kudhani kwamba kila cha kwao ni bora. Nimeichagua kwa sababu kanuni zao zimeandikwa kwa hesabu ya saa na siku, na kwa sababu huko nako vipo vyama vya ushirika vya wakulima vinavyowauzia wanachama dizeli na petroli. Hapa Tanzania leseni ya biashara ya mafuta hutolewa na EWURA, na ulinzi wa mazingira uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Katibu asizichukue siku nitakazozitaja akazifanya kuwa za kwetu. Linalomfunga ni lile lililoandikwa katika leseni ya chama chake na katika kanuni za nchi yetu. Naomba kila mmoja akirudi aitoe leseni hiyo kabatini na kuisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Wamarekani walifikishwa hapo na kutu. Kwa miaka mingi walifukia matangi ya chuma kitupu, wakayasahau. Chuma kikaliwa, mafuta yakateremka hadi kwenye maji ya ardhini, na watu wakaanza kuyasikia katika visima vyao. Mwaka 1984 bunge lao lilitunga sheria juu ya matangi hayo. Jambo la kwanza walilolitaka lilikuwa dogo kabisa: kila mwenye tangi aseme analo, liko wapi, lina umri gani na lina kitu gani ndani. Waliokuwa na matangi yanayotumika walipewa hadi tarehe 8 Mei, 1986. Hata tangi lililoachwa kutumika baada ya tarehe 1 Januari, 1974 lilipaswa kutajwa maadamu lilikuwa bado ardhini. Kanuni za kiufundi zilifuata mwaka 1988, na matangi ya zamani yakapewa hadi tarehe 22 Desemba, 1998 yawe yamekingwa dhidi ya kutu na kufurika, au yafungwe. Tangu shughuli hiyo ianze, mivujo iliyothibitishwa huko imepita 500,000.

Mkulima mwenye tangi shambani lisilozidi galoni 1,100, yaani kama lita 4,160, ambaye mafuta yake si ya biashara, hakuguswa na sheria hiyo. Lakini chama kinachouza mafuta hakiwezi kujificha nyuma ya mkulima huyo. Wala hakiwezi kujificha nyuma ya mpangaji. Kwao mwenye tangi na mwendeshaji wa tangi wote wawili huwajibika; mmoja akitimiza inatosha, lakini asipotimiza yeyote, wote wawili hushikwa. Viko vyama vinavyomkodisha mfanyabiashara pampu na kudhani kuwa vimemkodisha na wajibu pia. Mkataba wa namna hiyo usomwe upya.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko mengine yote, nalo ni daftari la vipimo.

Taarifa haianzi siku mafuta yanapoonekana kisimani. Huanza kila asubuhi, pale ufito wa kupimia unapoteremshwa tangini. Kanuni za Marekani kwa anayetumia njia hii zinataka kina kisomwe kwa usahihi wa moja ya nane ya inchi, yaani kama milimita tatu, na kila siku ya kazi iandikwe: yaliyoingia, yaliyotoka kwa pampu, yaliyobaki. Mafuta yakiletwa hupimwa kabla na baada ya kushushwa, na vipimo hulinganishwa na hati ya kupokelea. Mara moja kwa mwezi hupimwa pia maji yaliyo chini ya tangi, kwa dawa inayopakwa kwenye ncha ya ufito na kubadilika rangi ikiyagusa. Maji yasiyotarajiwa ni dalili. Kama maji yamepata njia ya kuingia, mafuta nayo yamepata njia ya kutoka.

Mwisho wa mwezi hufanywa hesabu. Tofauti inayovumilika ni asilimia moja ya mafuta yaliyopita katika mwezi huo, kuongeza galoni 130, ambazo ni kama lita 492. Tuseme chama kimeuza lita 30,000. Asilimia moja ni lita 300. Ukiongeza 492 unapata lita 792. Tofauti ikizidi hapo, mwezi huo umeshindwa. Kanuni inaruhusu kutazama mwezi wa pili. Nao ukishindwa, taarifa hutolewa ndani ya saa 24. Njia hii peke yake haitoshi. Huandamana na kupimwa kwa tangi lenyewe kama linashika, tena huruhusiwa kwa miaka 10 tu, baada ya hapo mwenye tangi hutakiwa kuwa na njia iliyo bora zaidi.

Kwa nini pawe na uvumilivu wowote? Kwa sababu mafuta hupumua. Lita 10,000 za dizeli zilizoletwa zikiwa na joto la barabarani, zikipoa digrii kumi ndani ya ardhi, hupungua kama lita 80 pasipo mtu kuiba wala tangi kutoboka.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika vyama vyetu, mafuta yakipungua, swali la kwanza huwa: nani amechukua? Mhudumu wa pampu huitwa mbele ya Bodi, mshahara wake hukatwa, pengine hufukuzwa, na mtaani hubaki na jina la mwizi. Mwezi unaofuata mafuta yanapungua tena mikononi mwa mhudumu mpya. Sisemi kwamba wizi haupo. Upo, na wakaguzi wa COASCO wanaujua kuliko mimi. Nasema kwamba bila daftari la kila siku hakuna awezaye kutofautisha mwizi na tundu. Pampu iliyochezewa huacha dalili zake katika mauzo na katika ukaguzi wa mizani na vipimo. Tundu halijui sikukuu: mafuta hushuka hata Jumapili na pampu imefungwa. Pimeni Jumamosi jioni, fungeni, pimeni tena Jumatatu alfajiri kabla ya mteja wa kwanza. Kazi hiyo haigharimu hata senti, na huenda ikamwokoa kijana wa watu.

Wapo pia wanaoficha. Upungufu huandikwa kuwa "mvuke", au hugawanywa kidogo kidogo katika miezi, ili mkutano mkuu upite salama. Wakati huo mafuta yanaelekea kwenye kisima cha wanachama wale wale, pamoja na benzini iliyomo ndani yake, ambayo husababisha saratani.

Ikishashukiwa, saa na siku zao ni hizi. Mamlaka hujulishwa ndani ya saa 24, iwe dalili ni hesabu za mwezi, harufu ya mafuta katika nyumba au mtaro wa jirani, au pampu inayofanya kazi kwa kushtuka-shtuka pasipo sababu. Mfumo hupimwa ndani ya siku 7. Mvujo ukithibitishwa, kwanza huzuiwa mafuta yasizidi kutoka na huondolewa hatari ya moto. Ndani ya siku 20 hupelekwa maelezo ya hatua hizo za mwanzo, na ndani ya siku 45 maelezo ya eneo lenyewe: udongo, visima vilivyo karibu, watu wanaoishi hapo. Mafuta yaliyomwagika juu wakati wa kushusha, yakizidi galoni 25, yaani kama lita 95, nayo hutolewa taarifa ndani ya saa 24. Yaliyo pungufu ya hapo husafishwa. Yakishindikana kusafishwa kwa siku moja, nayo hutajwa.

Aliyenunua tangi hutakiwa kujitambulisha kuwa ndiye mwenyewe ndani ya siku 30, na anayetaka kulifunga moja kwa moja hutoa habari siku 30 kabla, ili udongo wa chini upimwe kwanza.

Hili la kufunga linanirudisha kwetu. Katika baadhi ya viwanja vya ushirika mna matangi yaliyofukiwa zamani, ambayo mwenye kujua mahali pake ni mlinzi mzee au fundi aliyekwishastaafu. Chama Kikuu kinataka kuyaorodhesha. Kila katibu amepewa karatasi yenye mistari sita: mahali, mwaka wa kufukiwa kama unajulikana, ukubwa, aina ya mafuta, siku lilipotumika mara ya mwisho, na nani alilipima mara ya mwisho. Pasipojulikana aandike "haijulikani", asikisie. Karatasi zirudishwe kwa mhasibu wa Chama Kikuu kabla ya mwisho wa mwezi, na asiye na tangi airudishe pia, akiandika kuwa hana.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa kupokea maswali.