Mluzi wa Cape Town, upepo wa Singida

Msikilizaji, Februari 25, 2023, Cape Town ilifunga barabara zake za Green Point kupisha mbio za magari ya umeme za Formula E. Hakuna mngurumo, gari linakupita kwa mluzi mwembamba, basi. Alishinda Mreno António Félix da Costa. Kabla ya hapo, Afrika ilikuwa na Marrakesh tu, tangu 2016. Enzi hizo betri haikumaliza mbio: dereva aliingia kituoni, akachomoka, akajifunga mkanda kwenye gari la pili! Kuanzia msimu ulioanza Desemba 2018, gari moja likatosha.

Singida tuyatamani mashindano hayo? Mimi nasema hapana. Ni ghali, na msimu uliofuata hata Cape Town haikuwemo kwenye ratiba. Kinachotuhusu ni ile betri, maana hata pikipiki inaweza kuendeshwa nayo badala ya petroli. Bodaboda wa stendi ya Misuna kila asubuhi anapiga hesabu ya petroli, huku upepo unaomjaza vumbi machoni ukitajwa kwa zaidi ya miaka 10 kuwa utazalisha umeme. Wahusika, tuambieni: umeme huo unaingia gridi lini?