Picha Itangulie Mgonjwa



Mada tuliyopewa yaonekana kuwa ya wataalamu: madaktari kusoma picha za eksirei na za kipimo cha CT kwa kishikwambi, wakiwa mbali na mgonjwa. Tumeipokea kwa kuwa yagusa haki. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, nasi twazijua ajali zake. Aliyeumia kichwa, damu ikivujia ndani ya fuvu, uhai wake huhesabiwa kwa saa, na Morogoro mjini ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Mashine za CT zimeongezeka katika hospitali za rufaa za mikoa. Swali lililobaki ni nani ataisoma picha, na lini.

Kishikwambi si kigeni kwetu. Makarani wa Sensa ya 2022 walipita navyo mlango kwa mlango, na baadaye vikagawiwa walimu. Lakini kuhesabu kaya si kusoma ubongo. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza programu ya kusomea picha za CT kwa simu na kishikwambi, ila kwa masharti. Itumike pale tu daktari asipoweza kuifikia kompyuta maalumu. Tena kioo chenyewe humjaribu msomaji kwa kumwonyesha alama hafifu, ijulikane kama mwanga wa mahali alipo wamruhusu kuona. Jua la Kilosa saa saba mchana, hata chini ya mwembe, lingemshinda.

Kipimo kimoja cha CT chaweza kuwa na vipande mia kadhaa, kila kimoja kikiwa na uzito wa nusu megabaiti hivi. Mtandao ukiwa dhaifu, mtu hushawishika kuinua filamu dirishani, kuipiga picha kwa simu na kuituma kwa WhatsApp. Hapo picha hubanwa, na ufa mwembamba wa mfupa waweza kutoweka. Jina la mgonjwa nalo huenda kwa wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mkulima wa miwa wa Kidodi na mfugaji wa Parakuyo walindwe nayo sawasawa na waziri.

Basi ninyi mlio katika kamati za zahanati na vituo vya afya, ulizeni. Je, majibu yataandikwa, yakiwa na jina la daktari aliyesoma? Mgonjwa ameombwa ridhaa kwa lugha anayoielewa? Malipo ya msomaji yatatoka wapi, mfukoni mwa mgonjwa au kwenye bima? Na jibu likija saa nane usiku kwamba damu inavuja, gari la wagonjwa lina mafuta? Hilo la mwisho tungependa lijibiwe kabla hakijanunuliwa kishikwambi cha kwanza.