DHIMA YA MTENGENEZAJI NA MNUNUZI WA ZANA ZA OFISINI: MFANO WA NDANDALO

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Ndandalo ni kata ya Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, katika uwanda wa chini unaoteremkia ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Wilaya hiyo inajulikana kwa mpunga, kakao na michikichi, wala si mahala pa viwanda vya kompyuta au mashine za fotokopi. Kwa nini basi mazungumzo juu ya dhima ya watengenezaji wa zana za ofisini yaanzie huko, tena katika ukurasa unaosomwa visiwani? Sababu ni maji. Uwanda wa Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika mara kwa mara wakati wa masika. Shimo la taka lililochimbwa nyuma ya ofisi mwezi Januari huweza kuwa dimbwi ifikapo Aprili, na kilichokuwamo kikasafiri. Unguja na Pemba hazina mito mikubwa ya namna hiyo, lakini mwamba wake wa matumbawe una vitundu, na kinachomwagwa juu huteremka upesi kwenye maji ya visima. Aliye Kyela na aliye Makunduchi wanakabiliwa na jambo moja.

Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Shire, upande wa Malawi. Maji ya chini kabisa hayachanganyiki na ya juu. Sumu ikishaingia humo haina njia ya haraka ya kutoka. Aidha, samaki aina ya mbasa hupanda mitoni kutaga mayai, na kwa hivyo hukutana na uchafu wa nchi kavu kabla haujafika ziwani.

Ni uchafu gani huo? Kompyuta ya zamani, ile ambayo watu huiita ya chogo, ina risasi ndani ya kioo chake, na uzito wa risasi hiyo huweza kufika kilo moja au zaidi. Taa nyembamba zilizomo katika skrini bapa za mwanzo na katika baadhi ya mashine za kunakili zina zebaki. Betri za kutunzia umeme, ambazo ofisi za wilayani huzihitaji sana kwa sababu umeme hukatika, zina risasi na tindikali. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake hubeba sumu iitwayo dayoksini. Vitu hivi havina madhara makubwa vikiwa vizima juu ya meza. Madhara huanza vinapovunjwa, vinapochomwa au vinapolowa.

Hata hivyo, si haki kumtwisha lawama yote karani wa kata. Sehemu kubwa ya mzigo huu hupangwa kiwandani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwaka 2004 ulikadiria kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani pamoja na skrini yake kulihitaji kilo 240 za mafuta ya kisukuku, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Madini nayo hutoka mbali. Tantali, inayotumika katika vipande vidogo vya kuhifadhia umeme, huchimbwa kwa wingi Rubaya, Masisi, huko Kivu ya Kaskazini, ambako vita vimeandamana na machimbo kwa miaka mingi. Ni kwa ajili hiyo Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuyataka makampuni yaeleze asili ya madini hayo.

Watengenezaji hawakukaa kimya, ingawa mara nyingi walisubiri kusukumwa. Zamani vibao vya umeme vilisafishwa kwa kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, na ni Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliyoviachisha viwanda tabia hiyo. Kampuni ya Canon ilianza mwaka 1990 kukusanya katriji za tona zilizokwisha. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha sheria mwaka 2003 ya kumbakisha mtengenezaji na dhima ya chombo chake hata baada ya kuuzwa, na kuanzia Julai 2006 ikazuia risasi, zebaki na kadmiamu katika vifaa vingi vipya.

Jambo hilo ni jema, lakini amana hiyo hupungua nguvu kadiri chombo kinavyosafiri. Mtumishi wa Ndandalo hana mahala pa karibu pa kurejesha katriji tupu. Duniani kote, mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika robo. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na ule wa Bamako wa mwaka 1991 huzuia taka hatarishi kupenyezwa Afrika, lakini kompyuta mbovu huweza kuingia kwa jina la msaada. Zawadi ya namna hiyo yafaa iwashwe na ijaribiwe kabla ya kushukuriwa.

Upande wa sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021. Zanzibar ina Sheria ya mwaka 2015 na Mamlaka yake, ZEMA.

Lililobaki ni stoo. Mali ya Serikali haiondoshwi ila kwa kibali, na utaratibu huo ni wa haki, kwani huzuia wizi. Lakini mtunza stoo anayeogopa kutia saini huacha mashine chakavu zirundikane miaka kumi. Zikinadiwa, mshindi wa mnada huenda akawa hataki kompyuta bali shaba, naye huiwasha moto kando ya mto. Mnada wa zana hizi ufunguliwe kwa wenye leseni ya taka hatarishi peke yao, hata kama bei itakuwa ndogo. Na hati ya zabuni ya kununua zana mpya iongezwe sharti kwamba muuzaji atachukua mashine ya zamani na katriji tupu, na atahakikisha vipuri vinapatikana kwa miaka inayotajwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, betri zilizokufa zikae wima juu ya ubao, mahala pasipofikiwa na maji, na orodha yake ifike kwa Afisa Mazingira wa Wilaya kabla ya mvua za Machi.