Kutoka "Inasemekana" hadi "Imethibitika": Sarufi ya Ushahidi katika Habari za Uchunguzi

Utangulizi

Mafunzo ya uandishi wa habari za uchunguzi na za takwimu kwa kawaida huanzia kwenye zana: namna ya kutafuta nyaraka, kupanga majedwali na kukagua picha. Mhadhara huu unashikilia kwamba zana hizo hazitoshi endapo mwandishi hajajifunza kuihoji lugha inayobeba taarifa. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwandishi wa uchunguzi ndiye asiyeruhusiwa kuiamini methali hiyo.

Kitenzi kisicho na mtenda

Inadaiwa na imebainika ni vitenzi vilivyozoeleka mno magazetini. Inadaiwa kimo katika kauli ya kutendwa; sarufi inaruhusu mtenda atajwe, lakini mara nyingi hudondoshwa. Imebainika ni cha kauli ya kutendeka, ambayo haimpi mtenda nafasi. Msomaji huambiwa kuwa jambo limejulikana bila kuelezwa nani amelibaini, lini na kwa njia gani. Kwa hiyo, zoezi la kwanza la uhakiki ni la kisarufi: kuirudisha sentensi katika kauli ya kutenda. Nani anadai? Alishuhudia au alisimuliwa?

Saa, siku na asilimia

Shahidi asemaye "saa 2 usiku" anamaanisha saa 20:00 katika kumbukumbu za kamera. Mfasiri akiiacha namba 2 kama ilivyo, ushahidi unahama kwa saa 6, na mtu asiye na hatia aweza kuwekwa mahali pa tukio. Vilevile, kwa kuwa katika mapokeo ya Waswahili siku huanza jua linapotua, "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa pwani waweza kuwa ule wa kuamkia Ijumaa, ilhali kwa mwandishi kijana ni ule unaofuata mchana wake.

Takwimu nazo zina mitego yake. Kiwango kikipanda kutoka asilimia 20 hadi 30, tofauti ni pointi 10 za asilimia, lakini ongezeko lenyewe ni asilimia 50. Anayeandika tu kuwa kimepanda "kwa asilimia 10" amekosea, hata kama jedwali lake ni sahihi.

Mfano wa Kameruni

Julai 2018 ilisambaa video iliyoonyesha wanaume waliovaa sare za kijeshi wakiwapiga risasi wanawake 2 na watoto 2. Serikali ya Kameruni mwanzoni iliiita uzushi. Septemba mwaka huohuo, BBC Africa Eye ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Wachunguzi walilinganisha mstari wa milima ulioonekana nyuma na umbo la ardhi katika picha za satelaiti, wakapata mahali: karibu na Zelevet, Kaskazini ya Mbali. Majengo yaliyoonekana au kukosekana katika picha za satelaiti za nyakati mbalimbali yaliwapa kipindi. Vivuli vya watu waliokuwa wakitembea vikakipunguza hadi kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari 4 kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

La kuzingatiwa hapa ni kwamba kila dai lilikuwa na chanzo chake na njia ambayo mtu mwingine angeweza kuirudia. Hapo ndipo imethibitika inapopata haki ya kuandikwa.

Hitimisho

Idara za Kiswahili na shule za uandishi wa habari zina somo moja la kufundisha kwa pamoja: uzito wa ushahidi ulingane na uzito wa kitenzi. Mahali ambapo ushahidi haujafika, lugha nayo isitangulie, kwani gharama ya kosa hilo hulipwa na anayetajwa katika habari.