Bastola ya Leo, Sheria ya 1791

Msikilizaji, mwenye duka wa Texas asiyetaka mteja mwenye leseni ya bastola aingie nayo imefichwa kiunoni, anaruhusiwa kumkataza kwa kibao mlangoni. Ila si kibao chochote. Sheria inataka kiandikwe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja kwa kimo, na rangi ziwe za kuonekana. Kwetu sisi, anayetaka bastola ndiye anayehangaika. Kule, hata asiyeitaka ana kazi yake ya kufanya.

Chimbuko ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791. Kwa Kiingereza ni maneno 27, sentensi moja ambayo koma zake zimewalisha mawakili vizazi na vizazi. Inaanza na mgambo, inaishia na haki ya wananchi ya kuwa na silaha, haki isiyoingiliwa. Usimwazie mgambo wa jiji anayekimbizana na wamachinga. Mgambo wa enzi zile alikuwa raia wa kawaida, mkulima au fundi, anayeitwa na bunduki yake hatari ikitokea. Walioiandika walikuwa wamepigana na jeshi la mfalme wa Uingereza, na hawakutaka serikali yoyote ishike silaha peke yake, hata hii waliyokuwa wakiiunda kwa mikono yao. Sentensi ile haimgawii mtu bunduki. Inaifunga serikali mikono. Hofu hiyo naielewa, wala sitaicheka. Anayeicheka hajawahi kuamkia mlio wa buti za askari.

Kisha akaja Dick Heller, mlinzi wa jengo la serikali kuu mjini Washington. Kazini alivaa bastola. Akirudi nyumbani, sheria ya jiji ya mwaka 1976 haikumruhusu kuweka bastola ya kujilinda. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikasema, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba haki ile ni ya mtu binafsi, awe mgambo asiwe mgambo. Lakini Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, aliiwekea uzio: katazo kwa waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa halikuguswa, wala katazo la kuingia na bunduki shuleni.

Kwa maoni yangu, mambo yaliharibika Juni 2022, katika kesi iliyotoka New York. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba sheria ya silaha itasimama pale tu serikali itakapoonyesha kuwa inalingana na desturi ya kihistoria ya taifa hilo. Kupima faida na madhara kwa watu wa leo hakuna nafasi tena. Mawakili wa serikali wakageuka wafukuaji wa makabrasha, wanatafuta sheria za wakati wa gobore ili kuitetea sheria ya leo.

Kipimo hicho kilikutana na mwanamke mmoja wa Texas. Kumbukumbu za mahakama zinasema Desemba 2019, kwenye maegesho ya magari, mzazi mwenziwe, Rahimi, alimkokota, akamsukumia ndani ya gari hadi kichwa kikagonga dashibodi. Alipoona kuna mtu anawatazama, akaifuata bastola yake. Mwanamke akakimbia, na risasi ikafyatuliwa. Mahakama ikatoa amri ya kumlinda, na kwa amri hiyo yule mwanamume hakuruhusiwa kuwa na silaha. Polisi walipopekua chumba chake baadaye walikuta bastola, bunduki, risasi, na nakala ya ile amri.

Mahakama ya Rufani yenye makao New Orleans, mwaka 2023, ikaifuta sheria ya 1994 iliyomtia hatiani yule mwanamume kwa kuwa na silaha chini ya amri kama hiyo, kwa kuwa haikuona inayofanana nayo zamani. Ingeonekana wapi? Mwaka 1791 karibu wanawake wote hawakuwa na kura, na mke aliyepigwa alikuwa na wachache wa kumsikiliza. Kumtafutia ulinzi wake kwenye vitabu vya enzi hiyo ni kwenda kuchota maji kwenye kisima ambacho hakikuchimbwa kwa ajili yake. Serikali kufungwa mikono ni jambo jema, lakini ni serikali hiyo hiyo mwanamke yule aliikimbilia.

Juni 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha sheria hiyo, katika kesi ya Rahimi. Jaji Mkuu John Roberts hakudai sheria hiyo iwe na pacha wa kale. Alitosheka na sheria za zamani zilizomlazimisha mtu wa kutisha wenzake aweke dhamana, na zilizoadhibu wanaotembea na silaha kuogofya watu. Majaji wanane walikubali. Aliyekataa ni mmoja, Clarence Thomas, yule yule aliyeandika kipimo cha 2022.