Konde la Robert Wangila

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpuguso)



Kamati imenitaka niseme juu ya michezo, nami nimechagua mchezo mmoja tu, ngumi, kwa sababu mbele ya mkutano huu lipo ombi la kuchangia glavu na ulingo kwa ajili ya shule. Ombi lenyewe silipingi. Lakini kabla hatujatia mikono mifukoni, ningependa tumzungumze kijana mmoja wa Kenya, Robert Wangila, ambaye vijana waliomo humu hawakupata kumwona, maana alifariki kabla hawajazaliwa.

Wangila alizaliwa Septemba 1967. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi, alitwaa dhahabu ya uzito wa welta mbele ya watu wake. Mwaka uliofuata akaenda Seoul kwenye Olimpiki. Kenya ilikuwa na mabondia wazuri tangu zamani. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Hata sisi tulikuwa na Titus Simba, aliyefika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970 akashindwa na John Conteh, mtu ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Lakini dhahabu ya Olimpiki ilikuwa haijapata kuonekana kwetu katika ngumi. Katika fainali ya Seoul Wangila alipangwa na Mfaransa, Laurent Boudouani. Raundi ya pili haikwisha. Mfaransa alikuwa chini, na Wangila akawa Mkenya wa kwanza, na mpaka leo wa pekee, kupata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi.

Mwaka 1989 akaingia ngumi za kulipwa huko Marekani. Alipigana mara 27, akashinda 22, na zaidi ya nusu ya ushindi huo haikungoja pointi za majaji. Hizo si hesabu za mtu dhaifu. Hata hivyo ubingwa wa dunia hakuupata. Mkitaka kupima kilichopotea, msiangalie hesabu zake. Mwangalieni yule Mfaransa. Boudouani, aliyelazwa chini katika raundi mbili, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA mwaka 1996 akakaa nao mpaka 1999. Wakati huo aliyemlaza alikuwa kaburini.

Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, Wangila alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi, Joe Cortez, akalisimamisha pambano. Wangila hakukubali, akalalamika kwamba amekatizwa. Kisha akatoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndiko alikopoteza fahamu. Madaktari walimpasua kichwa kuondoa damu iliyokuwa imeganda, na tarehe 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Naomba vijana mshike neno moja katika habari hiyo: alitoka kwa miguu yake.

Ubongo, ndugu zangu, haukupigiliwa ndani ya fuvu. Unaelea katika maji kidogo. Konde la pembeni likigonga kidevu huzungusha kichwa kwa ghafla. Fuvu hugeuka, ubongo nao huchelewa kulifuata. Vimishipa vidogo vya damu vinavyotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando unaoufunika huvutwa, na pengine hukatika. Damu huvuja polepole. Kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, damu hiyo hupata nafasi kwa kuukandamiza ubongo. Ndiyo sababu mtu aweza kuzungumza, kutembea, hata kugombana na mwamuzi, na baada ya nusu saa asijue yuko wapi. Dalili zake hazihitaji shahada: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi wa ajabu, maneno yasiyoeleweka, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili. Akionekana hivyo, tafadhali msimwagie maji mkampeleka bwenini alale.

Wako watakaoniambia kwamba tutanunua kofia za kukinga kichwa. Nunueni. Lakini jueni kazi yake: kofia huzuia nyusi zisichanike, haizuii ubongo usitikisike ndani. Ngumi za wanaume za Olimpiki ziliziacha kofia hizo kule Rio mwaka 2016.

Sasa nije kwenye konde zito lenyewe. Tumezoea kusema kwamba mwenye konde zito ana bahati, na kwamba hatari ni ya mpinzani wake. Nimeambiwa hapa shuleni yupo kijana wa Kidato cha Tatu ambaye wenzake wanakataa kuvaa glavu mbele yake. Simtaji jina, naona mmekwisha anza kugeuka. Walimu wake wanajivunia kipaji chake, nao wana haki. Mimi naogopa kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya wale wanaomkimbia. Anayemaliza kazi katika raundi mbili haoni haja ya kujifunza kuficha kidevu, kurudi nyuma na kuondoka pembeni, wala kocha wake haoni haja ya kumchosha kwa mambo hayo. Tena mwenye konde zito huwa tayari kupigwa makonde matatu ili apate nafasi ya kupiga lake moja. Hesabu hiyo humfaa mpaka siku atakapokutana na mtu asiyeanguka.

Mtazameni John Mugabi wa Uganda. Alipata fedha Moscow mwaka 1980, akaingia ngumi za kulipwa, akapigana mara 25, na wote 25 hawakumaliza raundi zao. Tarehe 10 Machi 1986 akakutana na Marvin Hagler. Hagler alipokea makonde yale, akabaki amesimama, na raundi ya 11 Mugabi akahesabiwa kumi. Baadaye, mwaka 1989, alipata ubingwa wa WBC baada ya mpinzani wake, René Jacquot, kuumia mguu katika raundi ya kwanza. Lakini mwaka 1990 Terry Norris alimwangusha raundi ya kwanza, na mwaka 1991, mjini London, Gerald McClellan akafanya vilevile. Mtu aliyewaangusha wenziwe mapema akawa sasa anaangushwa mapema yeye.

Na huyo McClellan aliyemwangusha Mugabi? Naye alikuwa wa konde zito hasa. Wapinzani wake wengi hawakuona raundi ya pili. Tarehe 25 Februari 1995, London tena, alimtoa Nigel Benn nje ya kamba katika raundi ya kwanza. Benn akarudi ulingoni, akakataa kwisha. Katika raundi ya kumi McClellan akapiga goti, akahesabiwa, akaenda kwenye kona yake, akaanguka. Alipasuliwa usiku ule ule, akaokoka, lakini alibaki kipofu, masikio karibu hayasikii, na dada zake wakabeba kazi ya kumtunza.

Ameokoka kwa sababu Waingereza walikuwa wamekwisha kujifunza kwa taabu. Mwaka 1991, katika mji huohuo, Michael Watson alianguka baada ya pambano lake na Chris Eubank, na huduma ya kumsaidia kupumua haikuwapo ulingoni. Alipelekwa hospitali moja, kisha ya pili yenye wapasuaji wa ubongo, na muda ukapita. Alikaa bila fahamu siku 40. Alikishtaki chama cha ngumi cha Uingereza, na mwaka 1999 mahakama ikasema kwamba chama kinachoandika kanuni za pambano kina wajibu juu ya matibabu ya yule anayepigana. Chama kikakata rufani, kikashindwa tena mwaka 2000. Mimi ni mtumishi wa serikali, nasoma hukumu kama wengine wanavyosoma magazeti ya michezo, na hukumu ile naona inatuhusu. Tukinunua ulingo, sisi ndio tutakuwa chama.

Basi tujitazame hapa petu. Mtoto akianguka leo, tutampeleka Tukuyu. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilometa 70 za kupanda na kushuka, nanyi mnaijua mvua yetu. Wapasuaji wa ubongo wa MOI, pale Muhimbili, wako zaidi ya kilometa 800 kutoka hapa. Wala msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwishoni mwa Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki Dar es Salaam baada ya kuangushwa ulingoni.

Kuna na madhara yasiyopigiwa kelele. Tangu 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia wanaotembea kama walevi hali hawakunywa. Mwaka 1969 daktari Roberts wa Uingereza alitoa matokeo ya kuwapima mabondia wa zamani 224, akakuta asilimia 17 wana dalili za kuharibika ubongo na mishipa yake ya fahamu. Watu hao wengi hawakuangushwa na konde moja kubwa. Ni makonde mengi, na mengi yao ya mazoezini, ambako hakuna tiketi wala mwamuzi. Kwa shule, hapo ndipo penye hatari zaidi: jioni, nyuma ya jiko, wavulana wawili na glavu kuukuu, na mduara wa wenzao wanaoshangilia.

Nisije nikaeleweka kwamba nataka ngumi zifutwe. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018, nilishangilia kama ninyi. Kijana wetu wa Kidato cha Tatu akikatazwa ulingo ataupata mnadani au mjini, na huko hakuna atakayemuuliza kama kichwa kinamuuma.

Ninachoomba ni mpango wa matumizi ugeuzwe kichwa chini. Fedha za kwanza zimlipie kocha anayejua kufundisha kujikinga, na kwa muhula mzima asimruhusu mtu kupiga kichwa cha mwenziwe. Za pili ziwe za mganga kukaa kando ya ulingo na gari lenye mafuta kusimama mlangoni kila siku ya pambano. Gari lisipokuja, pambano lisianze. Liwepo na daftari, ambamo kila aliyepigwa akayumba ataandikwa siku hiyohiyo, naye asivae glavu kwa wiki nne zisizopungua, hata kama yasubiriwa mechi na shule jirani, na hata kama mwenyewe analia. Ulingo na glavu vifuate.

Karatasi ya michango iko mezani kwa Katibu. Ina safu mbili. Nimeandika jina langu kwenye safu ya kocha, mganga na gari. Safu ya ulingo nimeiacha wazi mpaka nitakapoonyeshwa daftari.