Siku saba baada ya mshono
Fistula ya uzazi ni tundu linalotokea, mara nyingi kati ya kibofu na uke, uchungu unapochukua muda mrefu bila msaada. Kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za nyonga, damu haipiti, nyama hufa, na mkojo huvuja mchana na usiku.

Tundu hushonwa kwa upasuaji. Kisha mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, kibofu kisijae na kuvuta mshono. Hospitali nyingi ziliuacha ndani kwa wiki mbili au zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika katika nchi 8 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulionyesha kuwa kwa fistula isiyo ngumu siku 7 zinatosha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza siku 7 hadi 10. Kitanda kikiwa wazi mapema, mwingine hutibiwa.

Kwa mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inayotibu fistula iko Msasani, jijini humohumo. Kwa walio mikoani, mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa. Fistula inatibika, anayevuja mkojo baada ya kujifungua asifichwe ndani, apelekwe hospitali.